Sukari Niliyokwambia Imesomewa

Kwa mwanangu Mwanaesha,

Salamu ndefu utazipata kwa shangazi yako Faida, yeye ndiye bingwa wa salamu. Mimi sina muda nazo. Mama yako amekuchukua Ambatoloaka, hapa hapa kisiwani, ukaage jamaa kabla ya meli ya kesho ya Mahajanga, na kabla hajatoka aliniinamia akaninong'oneza: "Tunarudi kabla ya magharibi. Nikifika nikakuta bado hujamwambia, nitamwambia mimi." Mama yako unamjua. Basi nimefunga mlango wa jiko, nimesukuma vitunguu pembeni, na ninaandika juu ya ubao wa kukatia nyama. Ukiona doa usidhani ni chozi, ni mafuta. Au dhani utakavyo.

Nimeandika kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, kama babu yangu alivyonifundisha kuandika barua. Najua utaisoma kwa kujikongoja, maana humu ndani tunasema Kisakalava, na tukigombana Kingazija. Ni vizuri ujikongoje. Tena melini hakuna atakayeweza kuisoma juu ya bega lako.

Habari za sanduku, za mwavuli, na kwamba usikae upande wa moshi, mama yako amekwisha kuzisema mara saba. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni miaka minane.

Jumanne asubuhi utakwenda hospitali ya Mahajanga kumwona Madamu wa chakula, yule Mfaransa ambaye si daktari wala si mpishi. Kazi yake ni kukaa na mtu mwenye maradhi ya sukari kama wewe na kukadiria ale nini, kiasi gani na saa ngapi, ili sindano ya kila siku isimzidi wala isimpungukie. Umefika mbele yake mara nne tangu uugue. Mara zote nne nilijibu mimi, wewe ukatazama viatu vyako. Safari hii utaingia peke yako na utajibu mwenyewe. Wiki nzima sijalala kwa sababu hiyo, mpaka mama yako akanibana nikamwambia yeye kwanza.

Kwanza utavua viatu na kupanda mizani. Kisha utaketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, na yule muuguzi wa Antananarivo, mama mnene mwenye sauti ndogo, atakaa kati yenu kutafsiri. Kimalagasi chake na chetu havifanani sana, basi neno usilolielewa mwambie alirudie. Hakasiriki. Madamu atafungua daftari akuulize: jana ulipoamka, kitu cha kwanza kuingia kinywani kilikuwa nini? Atakwenda nawe hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka ulipolala. Hana haja ya kujua watu wa heshima hula nini. Anataka jana yako wewe.

Hapo ndipo watu wetu tunapopotelea. Kwetu asiyekula wali hajala. Mtu atatafuna mihogo miwili, ndizi, na kahawa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, kisha ukimuuliza atakuapia kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Mbele ya Madamu mhogo ni chakula, mwanangu. Ndizi ya njiani ni chakula. Kipande cha muwa ulichopewa na rafiki ukakitafuna huku mkisengenya watu, hicho ndicho atakachokiandika kwanza. Hata ukoko ukiukwangua, utaje.

Akikuuliza wali kiasi gani, usimjibu "kiasi". Kwa shangazi yako watu sita wanakula sinia moja, na kwenye sinia hakuna ajuaye kala kiasi gani isipokuwa mlafi, naye hasemi. Mwambie shangazi akupimie pembeni kwa kapoaka, lile kopo tupu la maziwa tunalopimia mchele, na ule kwenye bakuli lako. Bakuli hilo uende nalo hospitali. Madamu ana mizani ndogo ya chakula mezani, atakuonyesha. Shangazi atanuna kwamba umejitenga na sinia la ndugu zako. Mwache anune, mdomo ni wake.

Atakuuliza pia Ramadhani unafanyaje. Nakujua wewe. Mwaka jana ulifunga siku tatu kwa siri, uji ukaumwaga nyuma ya choo. Ulidhani kuku hawasemi? Mwambie. Mara ya tatu tulipokwenda alinisihi niwaulize mashehe wetu hukumu ya mgonjwa, nami nilijua jibu lao kabla sijauliza. Wala usiogope kwamba atakukataza wali. Niliogopa hilo hata nikaapa moyoni kwamba akithubutu tutapanda meli siku hiyo hiyo, kumbe hajawahi kulitamka.

Baada ya hayo ataweka kalamu chini. Atakutazama usoni, atauliza: "Unatetemeka? Unatoka jasho la baridi, macho yanaingia giza? Mara ngapi kwa mwezi?"

Swali hilo ndilo lililonifungia jikoni leo. Kila aliponiuliza nilijibu, hapana.

Mara ya kwanza ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa umekonda, unakunywa maji kama ng'ombe na bado una kiu, mpaka asubuhi moja hukuamka vizuri tukakukimbiza Mahajanga. Wakakulaza, wakakuchoma dawa, na kwa rehema ya Mungu ukarudi kuwa mtoto. Siku ya kuruhusiwa Madamu aliniita. Nilivaa kanzu yangu ya harusi. Unanijua baba yako: hakuna harusi ya Waislamu Nosy Be inayopikwa pilau bila mimi kuitwa, na nisipoitwa naugua. Sasa mwanamke kijana kuliko mama yako ananiuliza mimi, mpishi, eti mwanangu anakula nini! Nilidhani ananipima. Nilidhani akisikia mihogo atatucheka, ataandika kwamba watu hawa ni maskini na hawajui kulea.

Basi nikampikia kwa mdomo. Asubuhi wali kwa samaki, nikasema. Mchana wali kwa nyama. Usiku wali wa nazi, na kuku kila Ijumaa. Sahani ya namna gani? Sahani iliyojaa, mwanangu hanyimwi. Yule muuguzi akanitazama kidogo, akatafsiri. Madamu akaandika neno kwa neno, kisha akapanga dawa ya mtoto anayekula hivyo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Ulikuwa wakati wa mvua, harusi hakuna. Asubuhi ulikula kiazi, mchana wali kwa majani ya mhogo, usiku mara nyingi uji wa mchele, na siku nyingine ulilala kabla uji haujaiva nami nikasema mwacheni. Mpishi wa watu, sufuria la kwake jepesi. Na kila asubuhi nilichemsha sindano na kukuchoma dawa ya sahani tatu zilizojaa.

Siku ya tisa nilikukuta hapa jikoni, umekaa juu ya kinu. Ulikuwa unacheka peke yako. Nguo imelowa jasho nawe baridi kama samaki. Nikakuuliza jambo, ukanijibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kisha macho yakageuka na mwili ukaanza kukaza. Koko yako, aliyemzaa mama yako, Mungu amrehemu, alikuja mbio na kikombe cha maji ya sukari.

"Unataka kumuua?" nilimpigia kelele. "Mtoto ana maradhi ya sukari nawe unamletea sukari!"

"Mtoto ana njaa, baba," alisema. "Mtazame midomo. Mimi nimezika wenye njaa, naijua."

Nikakipiga kikombe. Kikavunjika pale kwenye kizingiti. Mwanangu, dawa ilikuwa mkononi mwa ajuza huyo nami nikaimwaga. Sauti ya kile kikombe naisikia mpaka leo.

Majirani walijaa. Mmoja akasema, huyu ameingiwa na jini. Ubani ukaletwa. Wewe unakaza, unalegea, unakaza tena, na mimi nimekushika kichwa nasoma kila nilichojua. Mama yako peke yake ndiye aliyetoka. Alikimbia miguu mitupu kwenye mvua mpaka zahanati, akarudi na yule muuguzi mzee Msakalava. Aliingia, hakusalimu. Akauliza swali moja: "Amekula nini baada ya sindano?"

Akachukua sukari, akailowesha kidogo kwenye kidole, akakupaka ndani ya shavu. Tena. Na tena. Sijui ni muda gani, mimi niliona mwaka. Ulipoanza kumeza akakunywesha maji matamu kwa kijiko. Halafu ukafumbua macho, ukauona moshi, ukasema: "Mbona mnafukiza ubani? Nani amekufa?"

Watu walicheka na kulia. Muuguzi hakucheka. Aliomba karatasi ya hospitali, akaisoma, akafunua sufuria langu lililokuwa na viazi vitatu, akaitazama karatasi tena. "Hapa pameandikwa mtoto anakula sahani tatu za wali kwa nyama na samaki. Nani aliyesema hivi?"

Ningeweza kusema ni mimi. Nyumba imejaa watu ambao nimewapikia harusi zao. Nikasema, "Wazungu wameandika vibaya."

Alinisogelea, akasema taratibu ili nisikie mimi tu: "Akitetemeka tena, mpe sukari. Sukari yoyote. Halafu mpe chakula. Na dawa ipunguzwe." Akaondoka. Dawa ilipunguzwa siku mbili tatu baadaye, daktari wa hapa alikubali bila maneno.

Lakini watu walikwisha kusema jini, na lile neno lilinifaa. Kama ni jini, si mimi. Nilimwendea mwalimu wa madrasa na pakiti ya sukari, nikamwomba aisomee. Akasoma kwa nia safi, yeye hana kosa. Nami nikakwambia: "Ukisikia mtetemo, jini amekuja. Kipande kimoja cha sukari hii humfukuza. Lakini sukari nyingine yoyote ni sumu kwako." Ukaniamini. Mtoto wa miaka kumi, angefanya nini?

Mwanaesha, pakiti ile iliisha kabla ya miezi mitatu.

Tangu hapo mpaka leo sukari uliyokula ukitetemeka naitoa dukani kwa Mhindi wa pembeni ya soko. Naifunga kwenye kitambaa kilekile cha kijani, naiweka juu kabatini ambapo hakuna anayethubutu kugusa. Dua niliziomba kweli, kila nilipoifunga, na sitajutia dua. Ila sukari ilikuwa sukari. Imetoka kwenye miwa hii hii ambayo kisiwa chetu kizima kinanuka.

Sasa tazama kilichofuata. Madamu anauliza, anatetemeka? Nasema hapana, kwa sababu jini si kazi yake, na kwa sababu nikisema ndiyo atarudi kukichunguza chakula, na akikichunguza uongo wangu wa kwanza utatoka nje. Yeye akisikia hapana anaona kwamba dawa ni ndogo, anaiongeza. Wewe unazidi kutetemeka. Mimi nazidi kwenda dukani. Tumezunguka hivyo miaka minane, na kila mzunguko nilijiambia mwakani nitasema. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, nami nilikuwa nakingoja hicho kilio kwa ajili ya mwanangu mwenyewe.

Mara ya mwisho Madamu alikugeukia wewe, nami nikadakia kama kawaida. Akainua kiganja. Muuguzi akatafsiri, na safari hii sauti yake haikuwa ndogo: "Baba, tumemuuliza yeye." Nilikasirika njia nzima mpaka Amborovy, tulikofikia kwa rafiki yangu. Ulidhani nimemkasirikia Mfaransa. Nilikuwa nimeona kwamba yule mwanamke anajua ninadanganya, ila hajui ninadanganya nini.

Najua jini huyu amekugharimu. Wenzako walikatazwa kulala nyumba moja nawe. Hukuachwa uogelee. Watu wa Sakatia walipokuja kukuposa, mama wa kijana akasikia habari ya jini akanyanyuka kabla kahawa haijapoa, nawe ukakaa chumbani siku mbili. Nilisimama nje ya mlango wako. Neno lilikuwa kinywani. Nikaenda zangu kukaanga vitunguu. Katika yote niliyokufanyia, hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana siku hiyo hapakuwa na majirani wala Madamu, tulikuwa sisi wawili na ubao wa mlango.

Huna jini, mwanangu. Hukuwa naye hata siku moja. Ulikuwa na njaa, na baba mwenye kiburi.

Kwa hiyo lishike hili hata kama mengine yote utayatupa baharini kwa hasira. Ukitetemeka Mahajanga, mahali popote, kwenye cherehani utakayojifunzia kwa shangazi, sokoni, msikitini, tia sukari mdomoni saa hiyo hiyo. Ya mwenye duka, ya shangazi, ya mtu usiyemjua. Usitafute kitambaa cha kijani. Usiogope kwamba ni sumu. Dua utaiomba sukari ikiwa kinywani, Mungu anasikia hata mdomo uliojaa. Kisha kula chakula chenyewe, mkate au wali wa jana. Na waambie wanaokaa nawe, usione haya, wajue kwamba wakikukuta unacheka peke yako wasilete ubani.

Na Jumanne Madamu akiuliza mara ngapi, mwambie hesabu yote. Mwambie na miaka minane. Akikuuliza kwa nini baba yako alisema hapana, usinifunike. Nakujua, utataka kunifunika, una moyo wa mama yako. Usithubutu. Sema: baba yangu alidanganya. Tamka hivyo hivyo, na yule mama mnene atafsiri.

Nikwambie nilichotaka kufanya. Nilitaka barua hii niifiche chini ya sanduku, katikati ya mashuka, uikute kesho kutwa ukiwa mbali na mikono yako haifiki usoni kwangu. Nimeandika ukurasa wa kwanza nikiwa na nia hiyo. Kisha nikawaza: meli ikiyumba, usile, utetemeke usiku wa kwanza, na kitambaa kiwe ndani ya sanduku, na sanduku liwe chini ya masanduku ya watu. Jirani yako akupe kipande cha sukari nawe ukatae kwa kuniamini mimi. Utakufa kwa utiifu. Nimesimama, nimezunguka jiko mara tatu, nimerudi kuketi.

Basi nitakupa mkononi. Nitakaa hapa juu ya kinu mpaka umalize kusoma. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie, majirani wasikie, safari hii nataka wasikie. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitabeba sanduku mpaka bandarini nikiwa nyuma yako na sitasema neno. Nakupenda kuliko jina langu, ingawa miaka minane nimefanya kinyume chake.

Nasikia sauti ya mama yako mtaani, anagombana na mbuzi wa watu.

Nimekishusha kitambaa cha kijani. Nimekifungua hapa ubaoni, kando ya pakiti ya dukani, mlango uko wazi. Ile ambayo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuionja ila wewe, nimetwaa kipande kimoja nimekitafuna. Kisha nimetafuna kimoja cha dukani.

Ni sukari tu, Mwanaesha. Zote mbili. Ingia.

Baba yako